Kumpeleka mwanangu shule ya wasioona ni kukosa imani?

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi wilaya ya Kongwa. Mwanangu wa pili, hapa nitamwita Baraka ingawa si jina lake, ana miaka tisa. Alikuwa darasa la tatu macho yalipoanza kumsumbua. Alianza kugonga milango, kisha akawa haoni ubao hata akikaa dawati la mbele. Hospitali wakasema ni presha ya macho, imekaa muda mrefu, na mshipa wa jicho umekufa pande zote mbili. Sasa anatambua tu kama ni mchana au usiku.

Afisa elimu maalumu wa wilaya amenipa barua ya kumpeleka shule ya bweni ya wasioona Januari, akajifunze nukta nundu, yale maandishi yanayosomwa kwa vidole. Nilikuwa nimekubali. Lakini mtumishi wa pale ninaposali siku hizi ameniambia nikimpeleka nitakuwa nimeutilia upofu sahihi. Anasema mtu wa imani hafikiri kwa mipaka ya kibinadamu. Nimhesabu Baraka kuwa anaona, nisimnunulie fimbo, na neno "asiyeona" lisitamkwe nyumbani kwangu. Ametaka pia tupande mbegu ya shilingi laki tatu kwa ajili ya macho yake. Mama mkwe anasema hiyo ni laana ya upande wetu. Mume wangu amenyamaza tu.

Juzi Baraka ameniuliza, "Mama, nikienda ile shule Mungu atakasirika?" Sikuwa na la kumjibu. Nampenda Mungu, sitaki kumkosea. Naomba unisaidie.

*Mama Baraka, Kongwa*

Jibu

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Nianze na swali la Baraka, maana ndilo lisiloweza kusubiri. Muite leo, mkalishe karibu nawe, umwambie: Mungu hakasiriki mtoto anapokwenda shule. Mwambie kwa sauti yako ya kawaida, ile unayotumia kumwita akale, ili asidhani ni jambo la kutisha. Mtoto wa miaka tisa amebeba mzigo wa kudhani kwamba elimu yake itamuudhi Mungu. Huo mzigo mtue kabla ya mengine yote.

Sasa tuzungumze sisi watu wazima. Nimefundisha watoto wasioona hapa Dodoma karibu maisha yangu yote ya kazi, na mimi ni Mkristo. Naamini kwamba Mungu anaponya. Kwa hiyo sitakuambia uache kumwombea mwanao. Mwombee asubuhi na jioni. Hata hayo maneno ya mtumishi wako kuhusu mipaka ya kibinadamu sina ugomvi nayo, maana Maandiko yanasema, "Maana mawazo yangu si mawazo yenu, wala njia zenu si njia zangu" (Isaya 55:8). Nayaamini maneno hayo mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana nakuuliza: katika habari hii uliyoniandikia, ni nani anayefikiri kwa mipaka?

Mtu akisema macho ya Baraka yasipofunguka basi Baraka ameshindwa na Mungu ameshindwa pamoja naye, huyo ameshamwekea Mungu mpaka. Amemchagulia njia moja, na nyingine zote amezifunga yeye. Hawezi hata kuwaza kijana asiyeona akiwa mwalimu, mwanasheria, mchungaji, baba mwenye nyumba yake. Mimi nimewafundisha watoto ambao leo ni watu wa namna hiyo. Fikra fupi ndizo zile zinazomwona mtoto asiyeona na kuona kasoro peke yake.

Umesoma habari za wapelelezi katika Hesabu 13, wale waliotumwa na Musa kuipeleleza nchi ya Kanaani. Kumi kati yao walirudi na kusema, "tukajiona nafsi zetu kuwa kama mapanzi, nao ndivyo walivyotuona sisi." Hofu yangu kuhusu Baraka iko hapo. Macho yake hayawezi kumzuia kusoma, nitakueleza kwa nini. Lakini akikaa nyumbani miaka mitatu akisubiri, huku wenzake wakiimba tebo na kuhesabu, akisikia neno "asiyeona" likikwepwa kana kwamba ni tusi, atajifunza kujiona panzi. Kumfundisha upya mtoto aliyekwisha kujiona hivyo ni kazi ngumu kuliko kumfundisha alfabeti.

Kuhusu kutotamka. Warumi 4 inamsifu Ibrahimu, baba wa imani. Angalia linavyosema neno lenyewe: Ibrahimu, asiyekuwa dhaifu wa imani, "alifikiri hali ya mwili wake uliokuwa umekwisha kufa". Aliifikiri hali yake, aliijua, hakujifanya kijana, na bado akamwamini Mungu. Bartimayo, yule kipofu, naye pale Yeriko alitaja shida yake mbele ya umati mzima. Sijaona mahali ambapo Bwana alimtaka mtu akane ugonjwa wake ndipo amsaidie. Yule baba wa mtoto mwenye pepo alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" (Marko 9:24), na mtoto akapona. Kwa hiyo tamka, mwanangu. Sema, "Baraka haoni." Lia ukitaka kulia, Zaburi zimejaa watu wanaomuuliza Mungu "hata lini", na hakuna aliyefukuzwa kwa kuuliza.

Mama mkwe msomee Yohana 9, kwa upole, maana naye ni bibi mwenye uchungu. Wanafunzi waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yule kipofu au wazazi wake. Yesu akajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake, bali kazi za Mungu zidhihirishwe ndani yake." Habari ya laana inaishia hapo. Presha ya macho ya watoto ni ugonjwa unaojulikana: maji ya ndani ya jicho hayatoki inavyopasa, msukumo unapanda, na nyuzi za mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo zinakufa kidogo kidogo. Wakati mwingine ugonjwa huu hutembea katika familia. Hiyo ni sababu ya kuwapeleka wale watoto wako wengine wawili wakapimwe macho mapema. Kwao hao, dawa ya matone au upasuaji ukiwahi unaokoa macho. Usiahirishe hili.

Na kwa Baraka mwenyewe, kama amepimwa hospitali moja tu, tafuta maoni ya daktari bingwa mwingine, katika hospitali kama KCMC Moshi, Muhimbili au CCBRT Dar es Salaam. Nakuambia hivi kwa sababu nimeshaona wazazi wakichanganya presha ya macho na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji na mgonjwa akaona. Mshipa uliokufa, hadi leo madaktari hawana njia ya kuufufua. Uliza wazi, "Ni kipi kati ya hivi viwili?" Uliza pia kama matone yaendelee, kwa kuwa jicho lenye presha linaweza kuuma hata likiwa halioni, na ule mwanga kidogo anaoutambua una faida kwake. Kama kuna mtu amekuambia uache dawa ili kuonyesha imani, usimsikilize. Nabii Isaya aliyepeleka habari ya uponyaji kwa mfalme Hezekia ndiye huyohuyo aliyeagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu.

Sasa nikueleze kitu anachokwenda kujifunza Baraka, maana wazazi wengi hukiogopa kwa kuwa hawajawahi kukigusa.

Nukta nundu ni nukta sita, mistari miwili ya wima yenye nukta tatu tatu, zinazoingia zote chini ya ncha ya kidole kimoja. Nukta moja ya juu kushoto ni A. Ongeza ya chini yake, ni B. Kwa nukta hizo sita unapata alama 63, zinazotosha herufi, tarakimu, alama za hesabu na hata muziki. Wiki za mwanzo hatuwapi watoto karatasi. Tunawapa bakuli lenye maharage, mahindi na choroko zilizochanganywa, wazitenge kwa vidole. Vidole vikishaamka ndipo tunaingia kwenye nukta. Halafu tunawapa kibao chenye vidirisha na kalamu ya ncha ya chuma, waanze kuandika. Kwa kibao unaandika kutoka kulia kwenda kushoto na kila herufi unaigeuza, kwa sababu unatoboa kwa nyuma. Ukigeuza karatasi, nundu zimesimama na unasoma kutoka kushoto. Watoto wa miaka tisa wanalishika jambo hili upesi kuliko wanachuo wa ualimu niliowafundisha. Baraka ana nafuu nyingine: alishajua kusoma. Anajua silabi, anajua nafasi kati ya neno na neno. Anabadilisha tu mlango wa kuingilia.

Nilikuwa na msichana wa kutoka Mpwapwa, aliletwa na baba yake akiwa na miaka kumi, hazungumzi, anashika tu kona ya shati la baba. Siku aliyosoma jina lake kwa mara ya kwanza alilipitia, akarudi mwanzo, akalipitia tena, kisha akauliza, "Huyu ni mimi?" Miaka michache baadaye alipewa somo la Agano la Kale kanisani kwetu siku ya Sikukuu ya Mavuno. Msomaji anayeona huinamia kitabu. Yeye alishika juzuu kwa mkono wa kushoto ikiwa imeegemea tumboni, kidole cha kulia kikitembea, na uso wake wote ukatuelekea sisi tuliokaa. Sijawahi kusikia Isaya akisomwa vile. Biblia nzima ya nukta nundu haiingii katika kitabu kimoja, ni juzuu nyingi zinazojaza rafu, naye ile moja ya Isaya aliijua hadi mikunjo ya kurasa zake.

Je, huyu mtoto alikosa imani alipokwenda shule? Wazazi wake walimkosea Mungu vipi?

Nukta hizi zenyewe zina historia ambayo ningependa mtumishi wako aisikie. Louis Braille alizaliwa Coupvray, karibu na Paris, mwaka 1809, mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi. Akiwa na miaka mitatu alijichoma jicho kwa sindano ya ngozi ya baba yake, uambukizo ukahamia jicho la pili, akawa haoni kabisa. Akiwa na miaka kumi wakampeleka shule ya wasioona Paris, na mwaka 1824, akiwa na miaka kumi na mitano, alikuwa ameshakamilisha mfumo huu. Alikuwa Mkatoliki mcha Mungu, mpiga kinanda kanisani. Na unajua walioukataa mfumo wake ni akina nani? Walimu wenye macho. Walipendelea herufi za kawaida zilizoinuliwa kwenye karatasi, kwa kuwa hizo wao waliweza kuzisoma. Shule yake iliukubali rasmi mwaka 1854, miaka miwili baada ya yeye kufa. Watu waliokuwa wanaona vizuri kabisa ndio walioshindwa kuvuka mpaka wa fikra zao.

Tena nina hakika pale mnaposali mnaimba "Usinipite Mwokozi". Huenda mmeuimba mkiwa mmemwekea Baraka mikono. Aliyeutunga, mwaka 1868, ni Fanny Crosby wa Marekani, aliyekuwa haoni tangu akiwa mtoto wa wiki chache. Alisoma shule ya wasioona New York, akafundisha hapohapo, akatunga tenzi zipatazo elfu nane, akafa mwaka 1915 akikaribia miaka tisini na mitano, bado haoni. Hebu waza wazazi wake wangemweka nyumbani mpaka macho yafunguke. Mwokozi hakumpita Fanny Crosby. Paulo pia aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, na jibu likawa, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Hilo nalo ni jibu la maombi, na Paulo hakulipokea kama aibu.

Laki tatu ziache kwenye pochi yako. Mungu hauzi macho. Baraka atahitaji godoro, tranka, mashuka, ndoo, sabuni, nauli ya likizo na fimbo nyeupe. Fimbo usiiogope, ni ya kumwezesha kwenda chooni usiku bila kumwamsha mtu, na kesho kutwa kwenda kazini bila kushikwa mkono. Kanisa halijawahi kuzionea aibu shule hizi. Shule ya wasioona ya Buigiri, pale Chamwino, ilianzishwa na Waanglikana mwaka 1950. Irente kule Lushoto ni ya Walutheri. Watu waliomba, kisha wakajenga madarasa. Mitihani ya taifa siku hizi inachapwa kwa nukta nundu, na mtahiniwa asiyeona anapewa muda wa nyongeza. Akifika sekondari atakutana na kompyuta inayosoma kwa sauti. Programu ya NVDA, kwa mfano, inatolewa bure, na aliyeianzisha mwaka 2006 ni Michael Curran wa Australia, mwenyewe haoni.

Mpaka Januari kuna ya kufanya nyumbani. Mlango uwe wazi kabisa au umefungwa kabisa, ule wa nusu ndio unaopasua paji la uso. Kila kitu kikae mahali pake. Mkitembea, yeye ndiye ashike kiwiko chako, usimsukume kwa mbele. Mwache akunje nguo zake, ateke maji kwenye ndoo, aoshe vyombo, hata akivunja sahani moja. Mpe maharage na mahindi ayatenge. Usimwambie ni masomo.

Mume wako usimchukulie vibaya kwa ukimya wake. Wanaume wengi huja shuleni kwetu siku ya kwanza wakiwa kimya hivyohivyo. Muombe yeye ndiye ampeleke.

Swali

Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwenyekiti wa kwaya, Morogoro. Tuna kijana asiyeona, sauti yake ya besi ni nzuri mno. Kila wiki ya maombi huwa tunamwita mbele tumwombee macho. Mwezi uliopita ameacha kuja mazoezini na simu hapokei. Tumemkosea nini, nasi tunamtakia mema?

*Mwenyekiti, Morogoro*

Jibu

Asifiwe milele. Nia yenu ni njema, sina shaka. Ila angalia Bwana alivyofanya kwa Bartimayo. Alisikia mtu anapiga kelele, akamwita, na kila aliyekuwepo aliweza kuona kwamba ni kipofu. Hata hivyo alimuuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Alisubiri jibu. Ninyi mmeshawahi kumuuliza kijana wenu?

Watu husema mgonjwa haulizwi uji. Kijana wenu si mgonjwa. Anakuja kuimba, na kila mara anageuzwa kuwa hoja ya maombi mbele ya watu, na macho yasipofunguka anarudi kwenye mstari wake huku kila mtu akijiuliza imani ya nani ndiyo iliyopungua. Mtu huchoka.

Nenda kwao, usitume ujumbe. Nenda wewe na mtu mmoja wa besi, wala msiende kundi zima. Mkifika tajeni majina yenu mlangoni, maana sauti mbili zikisema "hujambo" kwa pamoja hajui ni nani. Muombeni radhi kwa kumsimamisha mbele bila idhini yake, kisha mumuulize swali lile la Bwana. Akisema aombewe macho, muombeeni, na yeye achague iwe wapi na mbele ya nani. Akisema anataka maneno ya nyimbo mapya yamfikie kabla ya Jumamosi, basi mmoja wenu ayasome polepole kwenye simu, ayarekodi, amtumie Alhamisi, ubeti kwa ubeti, na besi iimbwe peke yake mwishoni ili aishike.